Kufuli la Tangi

Kila Jumatatu na Alhamisi, Wakio alishuka kilima cha Sagalla na mkoba mgongoni na jerikeni ya lita tano mkononi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa shule yao wakati wa kiangazi. Wanafunzi walileta maji ya kuoshea vyombo na kupiga deki, na yale ya tangi kubwa, yaliyoletwa na boza, lori la maji, kutoka Voi, yaliwekwa kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wa chekechea uji. Njiani rafiki yake Nzembi alipiga soga bila kupumua, tangu kanisani hadi getini. Zamani Wakio naye alikuwa msemaji. Tangu babu yake azikwe mwezi wa tano, aliitikia "mm" tu, na Nzembi, ambaye hakuhitaji zaidi ya hapo, aliendelea.

Babu Mwandawiro alikuwa fundi wa kufuli mjini Voi, kwenye kibanda kidogo karibu na soko. Alikuwa na ada moja iliyowachosha wateja: hakugusa kufuli lolote mpaka mwenyewe asimame mbele yake, ataje jina lake na kusema, "Hili ni langu." Hata mchungaji aliyepeleka kufuli la kanisa alitajishwa jina, ingawa babu alikuwa amesikiliza mahubiri yake miaka ishirini. Akimaliza kazi, alilichora kufuli mikwaruzo miwili kwa tupa, chini pembeni, iwe alama yake. Likizo zote Wakio alikaa naye kibandani, na vidole vyake vikajifunza.

Siku ya mazishi kila mtu alilia. Wakio alisimama kando ya kaburi akihesabu vifungo vya koti la mtu aliyekuwa mbele yake. Hakulia siku hiyo wala baadaye. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Unaugusa, unauona ni wako, lakini huhisi kitu. Nyanya alimpa sanduku la makufuli ya babu. Alilisukuma chini ya kitanda.

Mwalimu Festus, mlezi wa chama cha sayansi, ndiye aliyelitoa sanduku hilo gizani. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, naye alitaka chama kitengeneze chumba cha mafumbo. Wageni wangefungiwa darasani kwa dakika ishirini, wakitafuta dalili zilizofichwa na kufungua makasha manne, moja baada ya jingine. Katika kasha la mwisho ndimo mngekuwa na ufunguo wa mlango.

"Makasha manne, makufuli manne, na kila moja la aina yake," alisema. "Wakio, wewe ni mjukuu wa fundi. Utatusaidia?"

"Mm," alijibu Wakio.

Sandukuni alipata kufuli la kawaida la ufunguo. Alipata la herufi, linalofunguka ukipanga neno. Alipata na la mishale, lenye kitufe unachokisukuma juu, chini, kulia au kushoto kwa mpangilio maalumu. Wanachama wenzake waliyachezea mpaka kengele ikalia. La namba ndilo lililokosekana, na Mwalimu Festus akasema basi watatumia makasha matatu.

Ijumaa jioni, wenzake walipokwenda uwanjani, Wakio alipita kando ya tangi. Mfereji wake ulikuwa wa mkono wa chuma, na mkono huo ulifungwa kwa mnyororo na kufuli la namba tatu. Aliyejua namba hiyo ni Mzee Maundu peke yake, mtunza shule. Wakio aliliinua kufuli, akaona mikwaruzo miwili chini pembeni. Akaushika upinde wake, akauvuta, akazungusha gurudumu la kwanza polepole mpaka likakwama kidogo, kama babu alivyomfundisha. Kisha la pili, kisha la tatu. Nne, moja, saba. Likafunguka.

Hakufurahi wala hakuogopa. Alifunga mkono wa mfereji kwa kamba ya katani, akajiambia kwamba atalirudisha siku ya wazazi ikipita. Alilipaka kufuli rangi ya buluu iliyobaki darasani lifanane na makasha, akatunga mafumbo ambayo jibu lake lilikuwa 417. Mwalimu Festus alipouliza lilitoka wapi, alijibu, "La babu." Neno lilimtoka kwa wepesi uliomshangaza hata yeye.

Mbuzi hawajui kiangazi kimepangiwa utaratibu gani. Jumamosi au Jumapili walinusa maji, wakatafuna katani, wakajisugua kwenye mfereji mpaka ukafunguka. Jumatatu tangi lilikuwa tupu, na chini yake matope yamejaa nyayo za kwato.

Mwalimu mkuu, Bi Pauline, aliwakusanya wote gwarideni. Mzee Maundu alisimama pembeni, kofia mkononi.

"Mzee, kufuli liko wapi?" aliuliza Bi Pauline.

"Nililifunga Ijumaa mchana, madam. Kwa mkono wangu huu."

"Kama ulilifunga, limekwenda wapi?"

"Sijui, madam. Hilo ndilo linanishinda."

Bi Pauline alitangaza kwamba bodi ya shule ingekutana Ijumaa, baada ya sherehe, kuamua kama Mzee Maundu ataendelea na kazi. Wakio alikuwa mstari wa tatu. Alijua kosa ni lake, kama anavyojua mbili na mbili ni nne, lakini halikumuuma. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema. Wiki hiyo kila mwanafunzi alibeba lita kumi badala ya tano, na uji wa chekechea ukasimamishwa. Binamu yake mdogo, Shanice, alikuja na kikombe chake cha plastiki siku tatu mfululizo, akaambiwa hakuna, akarudi nacho. Wakio alimtazama akienda, akaendelea kukata karatasi za mafumbo.

Ijumaa ilifika. Wazazi walikipenda chumba cha mafumbo kupita kiasi. Akina baba wazima waligombania kitufe cha mishale kama watoto wa chekechea. Kundi la mwisho lilikuwa Bi Pauline, Mzee Sylus, mwenyekiti wa bodi, na Mwalimu Festus. Sheria ilitaka watu wanne.

"Mzee Maundu!" Nzembi aliita dirishani. "Acha ufagio, njoo ucheze!"

Mzee Maundu aliingia. Wakio alikuwa pembeni na saa ya ukutani, kazi yake kuhesabu dakika. Kasha la kwanza lilifunguliwa haraka. La herufi likamshinda Mzee Sylus hadi Bi Pauline akaliona neno MAJI kwenye pazia. La mishale alilifungua Mwalimu Festus. Likabaki la buluu.

"Limekuwa gumu hili," alilalamika Mzee Sylus, akivuta na kuzungusha. "Hata namba hazigeuki. Maundu, wewe una vidole vya kazi, hebu jaribu."

Mzee Maundu alilipokea. Kidole gumba chake kikapita chini pembeni, kikasimama. Akakipitisha tena pale penye mikwaruzo miwili. Alimtazama Wakio kwa muda mrefu. Angeweza kusema neno moja tu, na kazi yake ingepona hapo hapo, mbele ya mwenyekiti. Badala yake aliliweka kufuli mezani taratibu.

"Macho yangu yamechoka," alisema. "Jaribuni nyinyi."

Ndipo kitu kikamchoma Wakio kifuani. Ulikuwa uchungu wa mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi uhai, sindano kila mahali. Alimwona mzee yule akipangusa vumbi la ufagio kwenye suruali, akingoja saa moja tu kabla ya kufukuzwa kwa kosa la Wakio mwenyewe, na bado akimfichia siri.

"Zimebaki dakika ngapi, Wakio?" aliuliza Mwalimu Festus.

"Mwenye kufuli yuko hapa," alisema Wakio.

"Umesemaje?"

"Mwenye hilo kufuli yuko hapa. Ni Mzee Maundu. Ni kufuli la tangi. Mimi ndiye niliyelifungua, nikalichukua, nikafunga mfereji kwa katani. Mzee hakusahau chochote. Nilidanganya kwamba ni la babu."

Nzembi, pale dirishani, alikosa neno kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Kisha Bi Pauline akamgeukia mtunza shule.

"Mzee, wewe ulikuwa umelitambua?"

"Nililitambua, madam."

"Na ukanyamaza?"

"Nikisema mimi, mtoto angekuwa ameshikwa tu. Nilitaka nimpe nafasi aseme mwenyewe."

Bodi haikuwa na la kujadili tena. Mzee Sylus alimwomba Mzee Maundu radhi mbele ya wazazi wote. Wakio alipewa kazi ya kujaza mapipa ya jikoni kila asubuhi mpaka muhula uishe, na alitakiwa kueleza gwarideni alichofanya. Alieleza yote. Shanice alikuwa mstari wa mbele, na kumtazama ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote.

Boza lilikuja Jumatano. Wakati maji yakimwagika tangini, Mzee Maundu alimwita Wakio na kumwonyesha lile kufuli.

"Rangi yako imegandisha magurudumu. Nimesikia sanduku la babu yako lina dawa ya hii."

Wakio alinyoosha mkono. Mzee akarudisha wake nyuma.

"Ngoja kwanza. Babu yako angeniuliza nini?"

Wakio alishusha mkono. "Nani mwenye kufuli hili?"

Mzee Maundu alivua kofia, akasimama wima. "Ni mimi, Maundu wa Nzau. Hili ni langu."

Akamkabidhi. Chuma kilikuwa baridi kiganjani. Wakio alikihisi, na machozi yaliyokuwa yamemkataa tangu mwezi wa tano yakaja yote kwa pamoja. Alimlilia babu yake pale chini ya tangi, kwikwi na makamasi, bila kujali nani anaona. Mzee alingoja mpaka akatulia.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kufuli hili si gumu, hata wewe uliliweza. Lilitulindia maji miaka yote kwa sababu watu wa hapa walijua si lao, wakaliacha. Wewe una vidole vya kufungua chochote, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kuuliza kwanza kuliko sisi wengine. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Umechelewa siku tano, na siku hizo watoto walikosa uji. Lakini ulisema, nami nimeridhika."

"Nisamehe, babu," alisema Wakio.

"Nimekusamehe. Haya, fanya kazi, tangi linajaa."

Wakio alikwangua rangi, akatia mafuta, akazungusha magurudumu mpaka yakalainika. Lilipofunguka, alichukua tupa ya babu na kumwangalia Mzee Maundu, akiomba ruhusa. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kando ya ile mikwaruzo miwili, Wakio akachora wa tatu.