Mfuko Mwekundu Uliobaki Hamar

Kwetu Hamar, safari ya majira ya baridi huanza kwa kazi tatu. Baba hujaza mafuta, mdogo wangu Eilif hupelekwa chooni hata kama hataki, na mimi hupakia koleo na mfuko mwekundu kwenye buti la gari. Ndani ya mfuko ule mna mablanketi ya sufu na nguo zetu nene za theluji, maana mtoto hafungwi mkanda wa gari akiwa amevimba kwa nguo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo nilishaichoka.

Ijumaa ile tulikuwa tunakwenda kwa bibi, Oppdal, ng'ambo ya mlima wa Dovre. Mimi ni golikipa wa mpira wa magongo wa barafuni, na nyuma ya nyumba ya bibi kuna kiziwa kinachoganda vizuri sana.

"Signy, tunakaa siku nne tu," Baba alisema. "Hilo begi lako la vifaa ni kubwa kuliko Eilif. Liache."

Nikasema sawa. Aliporudi ndani kuzima taa, nikalisukumiza begi kwenye buti. Koleo na mfuko mwekundu havikuenea tena, nikavificha nyuma ya mlango wa gereji. Baba aliponiuliza kama nimepakia, nilisema nimepakia.

Tulipofika Hjerkinn, pale magari yanapoanzia kuvuka mlima, barabara ilikuwa imefungwa kwa kizuizi. Upepo ulikuwa mkali, na magari yalipaswa kuvuka mlima kwa msafara, greda la kusukuma theluji likitangulia na mengine yote yakilifuata. Mwanamke mwenye koti la rangi ya machungwa alipita dirisha kwa dirisha. Kifuani palikuwa na jina lake, Borgny.

"Nguo za joto kwa kila mtu? Koleo? Mafuta?"

"Vyote vipo," Baba alijibu. "Na gari lenyewe linavuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka jana lilipanda kilima kilichoshinda basi la shule."

Borgny hakucheka. "Kwenye kuondoka utamshinda mwenye gari linalovuta kwa mawili. Kwenye kusimama nyote mna breki nne, na barafu ni ile ile. Usijitie ubingwa huko juu." Kisha akainama kututazama sisi wa nyuma. "Na nyinyi, nguo mnazo?"

Nikisema hapana, atatuzuia, na Baba atajua. Nikaitikia kwa kichwa.

"Gari la kumi na nne, la mwisho," alisema akiandika. "Kule ng'ambo tunahesabu. Likipungua moja, tunarudi kulitafuta. Litokee lolote, msiliache gari mkaanza kutembea."

Mwanzoni gari lilipanda bila shida, na Baba akaupigapiga usukani kwa kuridhika. "Mnaona?" Mbele yetu kulikuwa na gari la mikate, taa zake nyekundu zikituongoza. Kadiri tulivyopanda, theluji ilizidi kupeperuka, mpaka barabara, mbingu na kingo zote zikawa kitu kimoja cheupe. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama ila zile taa mbili.

Ghafla zikawaka zaidi. Gari la mikate lilikuwa linasimama. Baba akakanyaga breki, na gari letu likaendelea kuteleza kana kwamba hakugusa chochote. Akakata usukani ili asiligonge, tukazama kwenye lundo la theluji kando ya barabara.

Hakuna aliyeumia. Baba akajaribu kurudi nyuma. Magurudumu yote manne yalizunguka yakivuma, gari halikusogea hata kidogo. Lilikuwa limelalia tumbo juu ya theluji. Tulipotazama mbele, zile taa hazikuwapo tena. Eilif akaanza kulia, na mimi nikashindwa hata kumbembeleza.

Baba alipiga simu kwa wasimamizi wa barabara. Aliambiwa greda lifike kwanza ng'ambo ndipo ligeuze, saa nzima au zaidi. Na kama bomba la moshi limefukiwa, azime injini, kwa sababu moshi ukikosa pa kutokea huingia ndani, na sumu yake huua watu bila hata kunuka. Baba akazima. Hita ikanyamaza, tukabaki na mvumo wa upepo.

"Nakwenda kuchukua koleo kwenye buti," alisema. "Nikilifukua bomba tutapata joto." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Akilini nilimwona akiingia kwenye dhoruba ile kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo. Hofu ya kukaripiwa ikawa ndogo mbele ya hofu hiyo.

"Baba, usitoke. Koleo halipo. Mfuko mwekundu pia haupo. Niliviacha gereji nikaweka begi langu."

Aligeuka. Laiti angenifokea. Alimtazama tu Eilif, aliyekuwa na suruali nyepesi na soksi.

"Nguo zake pia?"

"Zimo mfukoni."

Baba aliwasha taa ya ndani. "Haya. Vuta begi lako huku mbele."

Nililivuta juu ya kiti cha nyuma. Tulimvisha Eilif fulana yangu ya mchezo, kinga ya kifua, na zile pedi pana za miguu zikamfika kiunoni.

"Mimi golikipa?" aliuliza, meno yakigongana.

"Ndiyo, na usikubali kufungwa," nilimwambia.

Baba alichukua gongo langu, lile la golikipa lenye bapa pana chini. "Nitakuwa nagonga bodi ya gari. Ukinisikia, nipo. Nikinyamaza, piga honi na usiache."

Alitoka. Nikasikia pigo moja, la pili, kisha bapa likikwangua theluji. Nilihesabu kila pigo. Nilipofika kumi na tisa, ukimya. Nikangoja. Upepo tu. Nikajirusha kiti cha mbele na kuibana honi kwa mikono miwili, nikiomba Mungu na kulia kwa sauti.

Mlango ulipofunguka sikumtambua, uso wote ulikuwa theluji.

"Niliteleza nikaachia gari," alisema akihema. "Hatua mbili tu, Signy, na sikuliona tena. Honi ndiyo imenirudisha."

Aliufunga mlango, akaujaribu mara mbili kama umefungika kweli. Sikuwahi kumwona Baba akiogopa. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Bomba lilikuwa wazi. Tuliwasha injini dakika kumi, tukazima, Baba akatoka tena kulikwangua, safari hii mkono haubanduki kwenye gari. Mara tatu hivyo, na kila mara nilishikilia honi tayari. Ndipo mwanga wa greda, wa rangi ya machungwa, ukazunguka dirishani.

"Kumi na tatu walifika," Borgny alisema akishuka kwenye greda. "Nikajua aliyebaki ni bwana wa magurudumu manne." Akamwona Eilif. "Na huyu amevaa nini?"

Nikajibu kabla ya Baba. "Nilikudanganya pale kizuizini. Nguo na koleo nilikuwa nimeviacha nyumbani."

Borgny aliinama karibu nami. "Ningewazuia, ndiyo. Mngelala Hjerkinn, mkakasirika, mkaamka wazima. Mimi siulizi ili nijaze karatasi, binti. Uhai wenu huku juu unategemea jibu lenu." Akamgeukia Baba. "Na wewe? Ulisema vyote vipo. Uliviona kwa macho?"

"Sikufungua buti," Baba alisema taratibu. "Nililiamini gari mno."

Greda lilituvuta hadi barabarani, tukafika kwa bibi salama. Jumanne, tukirudi, kizuizi cha upande wa Oppdal nacho kilikuwa kimefungwa, na Borgny akatokea dirishani na maswali yake. Baba alinigeukia. "Signy," alisema.

Nikashuka kwenye upepo, nikafungua buti, nikakishika kila kitu kwa mkono. "Koleo la bibi, lipo. Mablanketi, matatu. Nguo za kuazima za watu watatu, zipo."

"Na begi la golikipa?"

"Limebaki kwa bibi."

Borgny alichungulia mwenyewe, kisha akaandika namba yetu. "Sasa hilo ni jibu," alisema. "Gari zuri ni msaada, lakini halijui ulichokiacha nyumbani. Anayejua ni wewe, kwa hiyo sema kweli mapema, kabla hujaondoka."

Baba aliendesha polepole kuliko wote, akiacha nafasi kubwa nyuma ya gari la mbele. Habari za magurudumu manne hakuzigusa tena mpaka tukafika Hamar.