Kasuku Aliyelijua Jina la Karima

Kila Jumamosi, ukungu wa mto ukiwa bado umelala juu ya mapaa ya mtaa wa Kabondo, Karima alimwamkia bibi yake, akanywa chai, kisha akapanda toleka kwenda kwa Maman Micheline. Toleka ni baiskeli ya abiria, na kila mtu wa Kisangani anaijua. Karima alipenda kusinzia nyuma ya mwendeshaji, mji ukimpita polepole, nusu ameuona, nusu ameuota.

Maman Micheline alikuwa muuguzi mstaafu. Yeye na majirani wachache walijitolea kuwatunza wanyama wa porini walioumia: leo tumbili yatima, kesho kakakuona aliyekatwa mguu na mtego. Lakini wengi walikuwa kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu. Wawindaji hupaka ulimbo kwenye matawi, ndege hunasa, na manyoya yao huharibika. Wasaidizi waliwasafisha, wakawalisha chikichi na kungoja manyoya mapya yaote.

Katika kibanda cha kasuku kulikuwa na amri moja tu: hakuna kusema. Hata salamu ilitolewa kwa mkono. Kasuku akizoea sauti ya mtu, Maman Micheline alieleza, ataifuata hata huko porini, na mtu anayemngoja huko ni mwindaji.

Lo, kunyamaza ni mzigo mzito kwa Karima! Huyu hata akiosha vyombo huzungumza na sufuria. Tena kulikuwa na kasuku mmoja aliyepungukiwa ukucha, ambaye Karima alimwosha ulimbo kwa mikono yake mwenyewe. Alimpenda mno. Alianza kuota kwamba siku moja ndege huyo angepita juu ya nyumba yao akimwita kwa jina, mtaa mzima ukisikia. Basi kila alipoachwa peke yake alisogeza mdomo kwenye waya akanong'ona, "Karima. Karima." Jina moja tu, aliwaza, litamdhuru nani?

Ndege hakujibu. Miezi ikapita, mabawa yakajaa. Papa Jacques, mvuvi wa kwenye maporomoko ya Wagenia, akaandaa pirogi yake, mtumbwi mrefu wa mtoni, awapeleke kasuku wote kwenye kisiwa chenye msitu. Karima naye aliahidiwa nafasi humo.

Jioni ya kuamkia safari, Karima akibadilisha maji kibandani, yule ndege alishuka kwenye kijiti karibu naye. Akainamisha kichwa, akanong'ona kwa sauti ya Karima mwenyewe: "Karima."

Furaha ilimjaa hadi machozi yakamlengalenga. Kisha hofu ikamshika. Hakuna mwingine aliyesikia. Angenyamaza, kesho angepanda pirogi na wenzake. Akafumba macho, na ile ndoto yake ikamjia tena: ndege anapita angani akiita jina lake. Lakini safari hii chini ya miti alisimama mtu mwenye ulimbo mkononi, naye ndiye aliyeitikia.

Mficha maradhi, kilio humfichua, bibi yake humwambia kila siku. Karima akatoka kibandani akamfuata Maman Micheline, aliyekuwa akipanga vikapu vya safari.

"Maman, ule wa ukucha asiende kesho," alisema. "Anajua jina yangu. Ni mimi nilimufundisha."

Maman Micheline aliweka kikapu chini. Aliuliza tangu lini, na Karima akaeleza yote bila kujitetea.

"Bon," Maman Micheline alisema mwishowe. "Wengine wataenda. Yeye atabaki, na wewe pia, na hutaingia tena mule mpaka asahau sauti yako."

Karima alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kesho yake pirogi ikaondoka bila yeye. Tangu hapo, kila Jumamosi alikaa nyuma ya jiko akimenya chikichi, na ndege alipomwita, aliuma midomo asiitike. Mwanzoni alimwita mchana kutwa, na kila mara moyo wa Karima uliuma. Kisha wakaletwa kasuku wengine, wageni kutoka msituni, na ndege yule akaanza kuigiza miluzi yao. Mvua zilipopungua, jina lile lilikuwa halijasikika kwa muda mrefu.

Siku ya safari ya pili, Karima alikaa ndani ya pirogi na kikapu magotini. Kisiwani walifungua vifuniko, na kasuku wakapaa. Mmoja, yule aliyepungukiwa ukucha, akarudi kutua kwenye tawi juu ya Karima, akainamisha kichwa, akangoja. Jina lilimjaa mdomoni. Karima akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ndege akapiga mluzi mmoja wa msituni, akawafuata wenzake hadi mkia mwekundu ukapotea.

Wakiwa njiani kurudi, Maman Micheline alimshika bega.

"Kosa yako iliniumiza, mama," alisema. "Lakini uliisema ingali na dawa. Mutu akikiri mapema, hata aliyemukosea anaweza kupona."

Karima aliitikia kwa mkono, vile walivyozoea kibandani, na Papa Jacques akacheka, akapiga kasia.