Ng'ombe wa Mzee Leshan Hawamo

Walikutana stendi ya Mikumi, mabasi yakishusha watu wakale. Naserian, gauni la bluu na shanga shingoni, alikuwa anagombana na laptop ya kazini, ofisi ya mifugo, kwenye meza ya mama ntilie. Kijana wa shati jeupe akachungulia.

"Dada, wafugaji wako jedwali hili, chanjo jedwali lile. Yaunganishe kwa namba ya mfugaji. Andika join."

"Nani kakuita wewe?"

"Budeba. Nafundisha kompyuta Kilosa. Hata ukinuna unapendeza."

Naserian akacheka, na hapo akawa amekwisha! Kila jioni simu: somo linaanza na join, linaishia "lala salama, mpenzi."

Shida ilikuwa Mzee Leshan, baba yake. Alishasema hataki mkwe Msukuma, na Budeba, Msukuma halisi, alijua. Basi Naserian alipoandaa orodha ya watakaopelekewa chanjo ya ng'ombe kijijini Msowero, kazi ambayo Budeba aliipitia, akakuta baba yake hayumo. Damu ikamchemka.

"Umemfuta baba yangu! Ng'ombe wakifa ndiyo utafurahi?"

"Mimi, Naserian?"

"Usinipigie tena!"

Siku zikapita. Mwishowe akafungua jedwali la wafugaji tu. Leshan huyu hapa! Join ya Naserian mwenyewe ndiyo iliyomwacha, maana ilichukua tu waliomo kwenye majedwali yote mawili. Mwaka jana wachanjaji walipopita, mzee alikuwa amehama na mifugo kufuata majani, hivyo upande wa chanjo hakuwa na kitu. Akaandika left join, wafugaji wote wabaki, mwenye chanjo na asiye nayo. Wakajitokeza baba na wahamaji wenzake kibao. Jamani, wenye shida hasa ndio walioachwa! Aibu ikamshika.

Asubuhi alikuwa Kilosa, mlangoni kwa Budeba.

"Nisamehe. Join niliandika mimi, nikakusingizia wewe."

"Na mimi niliipitia nisione. Lakini uliniumiza, Naserian."

"Najua. Kesho naenda na daktari wa mifugo kwa baba. Twende wote."

"Atanikataa mbele za watu."

"Akatae. Mimi nimeshakubali."

"Umekubali nini? Sijakuuliza kitu."

"Basi uliza, Budeba, gari la kurudi linaniacha!"

Akauliza. Gari likaondoka bila Naserian.