Nilianza kwa Ajili Yako

"Anavuta nini?" daktari aliuliza.

Binti akainamisha kichwa. Mlangoni mama yake Kipa, fundi cherehani, alikuwa bado na futi ya kupimia nguo shingoni. Alikurupuka kazini aliposikia mwanawe kaanguka golini mazoezini, kifua kimembana. Kipa mwenyewe, miaka kumi na saba, alihema kwa taabu ndani ya barakoa ya oksijeni, macho yakimsihi binti huyo, mpenzi wake, anyamaze.

"Mwanangu hajawahi kugusa sigara!" mama alisema.

"Sijasema sigara, mama. Binti, nisaidie. Nikikosea matibabu tutampoteza."

Binti alimtazama Kipa. Akisema, Kipa atatolewa timuni, na yeye ataachwa. Akinyamaza... hilo hakuthubutu kulimalizia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kilishaanza kubisha hodi.

"Vepu," alisema. "Ile sigara ya umeme. Kila siku, tangu tuanze kupendana."

Akatoa ya kwake mkobani, akaiweka mezani. Mama akashika mdomo.

Jioni ujumbe wa Kipa ukaingia kwenye simu ya binti. Aliufungua kwa woga.

"Kocha kanitoa. Na nilianza kwa ajili yako."

Akapiga simu papo hapo.

"Kwa ajili yangu kivipi?"

"Siku ya kwanza nakuona pale getini ulikuwa umeshika vepu mkononi. Nikajua mjanja kama huyu hatamtaka mshamba. Nikaenda kununua."

"Ile ilikuwa ya rafiki yangu! Alinishikisha afunge kamba za viatu. Mimi nilianza nilipokuona wewe unavuta. Nilikohoa mpaka machozi, nikakwambia tamu!"

Kipa alivuta pumzi, ikikwaruza.

"Kumbe tulikuwa tunadanganyana," alisema Kipa. "Mimi hata ladha yake siipendi."

"Basi tuache."

"Naogopa. Nimelazwa hapa, na bado naitamani."

"Hata mimi. Utaniacha?"

"Nikuache niende kwa nani, mbea wangu?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kisichokatika. Binti akaita jina lake mara mbili. Simu ikachukuliwa.

"Ni mimi, mama yake. Nesi yuko naye, anatulia."

Binti akafumba macho, akisubiri matusi.

"Ungenyamaza, ningemzika bila kujua kilichomuua," mama alisema. "Kesho mapema uje. Mtaacha wote wawili, na mimi nikiwatazama."

"Ndiyo, mama," alijibu, akaangua kilio.