Huyo "Le" Ni Nani?

— Me donne kitana!

Kavetsa alicheka mpaka akashika sinki ya kuoshea nywele.

— Oyoo, hiyo ni Kifaransa ya Mashimoni. Sema donne-moi. Ukiamrisha mtu afanye, "mimi" inakaa nyuma. Ukimkataza, inaruka mbele: ne me donne pas.

— Sasa mbona mnanihamisha hivyo? Kiswahili ni nipe, usinipe. "Ni" imekaa pale mbele, imetulia.

— Uliza Wafaransa. Tena!

— Donne-moi kitana.

— Umeona? Kichwa si ngumu sana.

Tulikuwa saluni kwake Kawangware, Jumatatu asubuhi, hakuna mteja hata mmoja. Mimi ni fundi wa sofa Mashimoni, na Kifaransa sikukiomba. Kavetsa ndiye alikuwa anafundishwa na rafiki yake Celine wa Riruta, akaniambia anahitaji mtu wa kuamrishana naye. Nampenda huyu msichana mwaka wa tatu sasa. Angesema nijifunze Kichina, ningenunua daftari.

— Na "yeye" je? nikauliza.

— Akiwa mwanaume ni le. Mwanamke ni la. Andika, usije kesho ukanitolea macho.

Akachukua mtungi akaenda kuteka maji hapo nje. Simu yake ilibaki kwa meza, ikalia. Mimi si mtu wa kusoma simu ya mwenyewe, lakini siku hiyo nilisoma. Kavetsa alikuwa amemwandikia Celine: "Je ne peux pas le laisser. Je l'aime." Na Celine ndiye huyo amejibu: "Oublie-le. Pars!"

Siwezi kumwacha, nampenda. Msahau, nenda. Nilielewa yote, neno kwa neno, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye amenifundisha! Le. Mwanaume. Kuna mwanaume mahali, na Kavetsa ameshindwa kumwacha.

Nikavaa kofia yangu nikatoka. Pale kwa mfereji nilimpita bila kumwangalia.

— Oyoo! Kwani ni nini? Oyoo!

Hata sikugeuka. Hasira ilinipeleka mpaka Mashimoni kwa miguu, na nikifika nikagongelea kitambaa cha sofa upande usiofaa. Simu ikalia mara tatu, nikaikata mara tatu. Halafu nikamwandikia: "Ne m'appelle pas." Usinipigie.

Jibu likaja haraka: "Umeweka m' mahali pake, hongera. Sasa shika simu, mjinga wewe."

Ikalia tena. Nikashika.

— Huyo le ni nani?

— Le gani?

— Kavetsa, usinizungushe. Nimesoma simu yako. Huyo huwezi kumwacha. Huyo unampenda.

Akaanza kucheka. Nilitaka kukata, lakini kicheko kikageuka, nikasikia anavuta kamasi.

— Oyoo. Le ni wewe.

— Mimi ni toi. Kila siku unaniambia toi.

— Nikiongea na wewe, wewe ni toi. Nikikuongelea kwa Celine, wewe ni le. Aki Mungu, unajionea wivu mwenyewe?

Nikakaa chini kwa mbao. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na furaha nayo ikaja juu yake. Halafu kitu kikanigonga.

— Ngoja. Celine anakwambia unisahau uende. Uende wapi?

Akaanza kuniambia mambo ya mteja wa saa tisa.

— Kavetsa, niambie.

— Abidjan. Saluni ya hoteli, miaka miwili. Walinihoji kwa simu wiki iliyopita, nikapita. Wanataka jibu leo saa kumi. Nitawaambia hapana.

— Hapana kwa nini? Si ndiyo sababu ulijifunza hiyo Kifaransa?

— Everlyne dadangu akienda Doha, mchumba wake aliapa atamngoja. Alimngoja miezi mitatu, wa nne akaoa mwingine. Na huyo alikuwa ameapa, Oyoo. Wewe miaka mitatu hujasema chochote. Nitaenda nikiwa na nini yako?

Nilikata, nikaita boda, na njiani nikatafuta kwenye simu neno moja tu la Kifaransa. Nililirudia mpaka mwenye boda akaniuliza kama naumwa.

Saa tisa na nusu niko mlangoni. Kavetsa alikuwa anasuka mama mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Celine alikuwa kwa benchi, na aliponiona akakunja uso.

— Amekuja huyu wa kuzuia watu, akasema.

— Kavetsa, nikasema. Pars! Nenda!

Mikono yake ikasimama kwa nywele za mama. Nikaona macho yakijaa, amedhani namfukuza. Nikaharakisha:

— Na épouse-moi!

Celine akaangua kicheko mpaka akapiga benchi.

— Amesema nini? mama akauliza.

— Amesema, "Nioe"! Celine akamjibu.

— Ati aolewe? Mwanaume mzima? Woi, leo nimeona!

Jirani wa duka la simu akachungulia. Nikamwangalia Kavetsa anisaidie.

— Wafaransa hawana kuoa na kuolewa, akasema polepole. Wana neno moja. Lakini Kiswahili ni hivyo umesema, Oyoo. Nioe.

Ningeweza kurekebisha. Ningesema nataka kukuoa, na kicheko kiishe. Lakini nilifikiria ni nani anapanda ndege na ni nani anabaki na sufuria.

— Basi nioe, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, jirani naye asikie. Wewe ndiye unasafiri. Mimi ndiye nitabaki nyumbani nikikungoja. Nilinyamaza miaka mitatu kwa uoga, nikidhani nikikuuliza utasema la. Nakupenda. Enda kazi, Kavetsa, lakini kwanza nioe.

Hakuna aliyecheka tena. Kavetsa akapangusa mafuta ya nywele kwa aproni, akachukua simu, akaandika. Celine akachungulia juu ya bega lake akasoma kwa sauti:

— "J'accepte." Amewakubalia wa Abidjan!

Kavetsa akaweka simu chini, akanishika mashavu na mikono yake bado inateleza mafuta.

— Nitakuoa, Oyoo. Lakini ng'ombe za mahari, kwa baba yangu Vihiga unapeleka wewe.