Paka wa Nyumba Nne

Kila asubuhi Ottilia alianika usipa wa mama yake, dagaa wa Ziwa Nyasa, kwenye chanja, kisha akamlisha paka wake, Kibonge. Kibonge alikula, akalamba sahani, halafu akalia kana kwamba hajaonja kitu tangu juzi. Tumbo lake lilikaribia kugusa mchanga wa kijiji chao, Liuli.

Siku moja Bwana Ignatio, afisa mifugo, alikuja kuchanja mbwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ni paka au debe la mahindi?" Alimpapasa Kibonge, akaacha kucheka. "Anahema vibaya. Asipopungua, mtampoteza. Unampa nini?"

"Kidogo tu, lakini ana njaa kila saa."

"Basi kesho mfuate uone anakokwenda."

Kesho yake Ottilia alimfuata. Kibonge alijibwaga mlangoni kwa Mama Hilda akalia kwa sauti nyembamba. "Simba wangu, wanakunyima!" Mama Hilda akampa vichwa vya samaki. Kwa Mzee Damiano aliitwa Bosi, akala ugali kwa mchuzi. Kwa Bibi Winifrida aliitwa Yatima, akapewa dagaa na pole juu yake. Ottilia alishika mdomo. Kumbe paka huyu alijua kila nyumba inaepua chungu saa ngapi! Alistaajabu mno, hata akasahau kukasirika.

Jioni aliwaita majirani nyumbani kwao. Alitaka kuwalaumu, lakini akajikumbuka mwenyewe.

"Hata mimi humpa nusu ya mboga yangu chini ya meza," alisema. "Nilimdanganya Bwana Ignatio."

Wakakubaliana Kibonge ale kwa Ottilia tu, kiganja kimoja cha usipa asubuhi na kimoja jioni. Wiki za kwanza alilia mlango hadi mlango. Bibi Winifrida alifunga mlango wake huku akifuta machozi.

Mwezi wa nne tangu hapo, Bwana Ignatio alipopita, kitu kilichakura darini kwenye mahindi. Kibonge akaruka ukutani, akapotea juu, akashuka na panya mdomoni. Ottilia alisimama ameduwaa. Ndiye yule yule?

"Mlimpenda wote, bila kuulizana," alisema Bwana Ignatio, ambaye Ottilia alikuwa amemweleza yote. "Huruma ya namna hiyo ingemuua. Alipona siku uliposema kweli, binti."

Kibonge aliweka panya chini, akamtazama Ottilia, akalia njaa.

"Jioni," Ottilia alimjibu, akaenda kuanua usipa.