Nukta Iliyopewa Jina

Nukta ile iliingia kabla ya watu wote.

Kathini hakuwa hata ameufungua mkutano. Alikuwa bado anapuliza chai yake, upepo wa alasiri wa Kitengela ukipiga vumbi dirishani, na tayari kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mgeni. Hana sura, hana jina. Nukta moja tu, pale ambapo jina la mtu hukaa.

"Mtandao umechanganyikiwa," akajiambia.

Akafanya alichofanya kila mara. Kompyuta ilikuwa ya ofisi, na kila ilipowashwa ilijiita kwa jina la ofisi. Alilifuta, akaandika Kathini. Vidole vyake viliijua kazi hiyo bila kuangalia.

Akina mama wa shanga wakaanza kuingia, mmoja kutoka Kimana, mwingine Tuala, na Resian kutoka Kona Baridi. Nyuma ya Resian, kama kawaida, mama yake mzee alichungulia simu kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Wote walimwita Koko, yaani bibi.

"Mwalimu, supa?" Koko alimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, Koko. Leo umekuja kujifunza kuuza shanga kwa mtandao?"

"Nimekuja kuona kama umenenepa. Bado."

Wakacheka. Kathini naye alicheka, huku jicho lake likirudi kwenye ile nukta.

"Nani huyu hana jina? Mnajua sheria yangu. Kwa darasa langu kila mtu anakaa na jina lake."

Ndipo picha ikajitokeza taratibu kwenye kisanduku cha nukta: mkufu mwekundu, ushanga mmoja wa buluu katikati. Kathini aliutambua. Ulikuwa wa mdogo wake Resian, msichana mcheshi aliyehudhuria mafunzo mwanzoni, kisha akatoweka. Kathini alipouliza aliambiwa tu, "Yule hatakuja tena," naye akadhani ameolewa mbali.

"Kumbe ni wewe, Seleyian," alisema kwa furaha, akaliandika jina lile chini ya mkufu. "Karibu tena, Seleyian. Tulikungoja."

Mama kutoka Tuala akafunika mdomo kwa leso. Resian akainamisha uso. Kathini alidhani ni ugomvi wa ndugu, akafanya aliloliona jema: alipowagawa wanawake katika vyumba vidogo vya majadiliano, aliwaweka dada wale wawili peke yao, wapatane. Akabonyeza. Nyuso zikatawanyika, na kwenye kioo ikabaki sura yake tu.

Simu ya mkononi ikalia. Alikuwa Koko, na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mwalimu. Umetaja jina."

"Jina gani, Koko?"

"La marehemu. Sisi hatutaji. Mtu akizikwa, jina lake pia linazikwa. Kama kuna mtoto kwa boma analo, tunambadilishia. Hatukukuambia amekufa, kwa sababu kukuambia ni kumtaja."

Kathini akakiweka kikombe mezani.

"Lakini ameingia, Koko. Niko na yeye hapa kwa mkutano."

"Huyo sio mtoto wangu. Wangu amelala. Huyo ni jini, anazungukanga akitafuta jina haina mwenyewe, avae. Wewe umemvalisha." Koko alivuta pumzi. "Resian amekaa hapa mbele yangu na simu. Macho iko wazi, hapepesi. Bega lake ni baridi kama chuma. Anaambia hiyo simu, ndiyo, nakuja."

"Mnyang'anye hiyo simu."

"Nimevuta. Vidole hazifunguki."

Mwenye mkutano huweza kuingia chumba chochote, na Kathini akaingia. Harufu ndiyo iliyomtangulia, harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, nzito, ya nyumbani, ikijaa ndani ya chumba cha kupanga ambacho hakijawahi kuona kibuyu. Akamwona Resian, midomo ikicheza bila sauti, na pembeni yake ule mkufu, ambao sasa haukuwa picha tena, kwa sababu ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama unaovaliwa na shingo inayohema gizani, na sauti ya Resian ilikuwa inatoka huko, kwenye giza la nyuma ya shanga, ikisema nakuja, nakuja, nakuja.

Akabonyeza kufunga vyumba. Mashine ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

"Nafunga, Koko. Nafunga sasa."

"Usifunge akiwa na hiyo jina, mwanangu. Atatoka nayo, na Resian ndani yake. Mvue kwanza. Mpe jina ya jiwe, ya kichaka, kitu chochote haina pumzi."

Kathini akafungua kile kisanduku cha kuandikia, akalifuta jina la marehemu herufi kwa herufi, akajaribu kukiacha kitupu, mashine ikakataa, akatafuta jiwe kichwani mwake na hakulipata, akatafuta kichaka na hakukipata, na hesabu ilikuwa inakwisha, na mkufu ulikuwa umeanza kugeuka, polepole, kutoka kwa Resian kuja kwake, na vidole vikaandika vyenyewe, vikabonyeza, na vyumba vikafungwa.

Kwenye simu kulisikika kilio. Kilikuwa kilio cha kawaida, cha mtu mwenye machozi na makamasi.

"Amerudi," Koko alisema, naye analia. "Amepata joto. Mungu akubariki."

Kathini alivuta hewa. Harufu ya kibuyu haikuwa imeondoka.

"Ulimpa jina gani?"

Akatazama kioo. Akina mama wote walikuwa wametoka. Vilibaki visanduku viwili, kimoja chenye uso wake, kingine chenye mkufu mwekundu unaopanda na kushuka. Chini ya vyote viwili, jina lilikuwa moja, lile ambalo vidole vyake vilizoea kuandika.

"Mwalimu?" Koko aliita. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamwita kwa jina. "Kathini? Unanisikia, Kathini?"

Kabla Kathini hajafungua kinywa, nyuma ya pazia la jikoni kwake, sauti yake mwenyewe ikaitika kwa upole.

"Niko hapa, Koko."